Habari za Mifugo, Saa Kumi Jioni

Ng'ombe alikuja peke yake, na hilo ndilo lililomshtua Getrude.

Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka, naye alikuwa akimwaga chokaa kwenye kijishimo cha kuoshea kwato. Ng'ombe mwekundu, mwenye mimba pevu, alisimama ng'ambo ya ua wa minyaa akiburura kamba, akanyoosha shingo kulielekea hori la maji. Getrude alimtambua papo hapo. Ng'ombe walikuwa wengi Mpanda, lakini ni mmoja tu aliyekuwa akisuguliwa kwa majani kila asubuhi mpaka ngozi ikang'aa kama sufuria mpya. Huyo alikuwa Gaju, ng'ombe wa Vénérande, mama wa Kirundi aliyeishi mwisho kabisa wa mtaa wa Ilembo, kule mashamba ya mpunga yanakoanzia. Leo Gaju alikuwa na mavi makavu mapajani na kupe masikioni.

"Huyu hajasuguliwa siku mbili," Getrude alimwambia Melkiadi. "Au tatu."

"Labda mwenyewe amesafiri," Melkiadi alisema.

"Asafiri aende wapi? Treni yenyewe haibebi abiria."

Melkiadi alifungua lango nusu, akamwingiza ng'ombe, na wote wawili wakabaki wakimtazama anavyokunywa. Alikunywa kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Ulikuwa mwaka sabini na nane, mvua za masika zikielekea kwisha. Kipindupindu kilikuwa kimeingia nchini mwaka uliotangulia, kikipita nchi hadi nchi kama mgeni asiyeulizwa barua ya utambulisho, na sasa kilikuwa kimefika mwisho wa reli. Soko lilifungwa. Vilabu vya pombe vilifungwa. Matanga yalipigwa marufuku. Maiti ilizikwa na watu wanne, na majirani walilia kila mmoja mlangoni kwake. Shule ya msingi ya jirani iligeuzwa kambi ya wagonjwa. Madawati yalirundikwa nje, na ndani ya madarasa ikatandikwa mikeka.

Kituo cha Getrude kilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka shuleni hapo. Wengi walikiita Kwa Mama Punda, baadhi yao kwa kucheka. Kilianza mwaka sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini. Ng'ombe na mbuzi walihama na wenyewe, ila mbwa, paka na punda vilema waliachwa kwenye mahame. Bruda mmoja wa misheni, mtu mrefu asiyejua kukasirika, aliwakusanya na kuwaweka kwenye kiwanja kilichokuwa cha kufyatulia matofali. Getrude alikuwa mpishi wake. Bruda alipoitwa kwao, alimkabidhi Getrude ufunguo, akasema kwa Kiswahili chake kigumu, "Wewe unawajua kwa majina." Basi kazi ikamwangukia yeye, mjane wa miaka arobaini na sita, Mpimbwe wa Usevya, ambaye mwanawe wa pekee, Leodgar, alikuwa fundi wa reli Tabora. Msaidizi wake ndiye huyo Melkiadi, mzee wa Kikonongo mwenye mguu mmoja mfupi, aliyeswaga punda wa kubebea mbao ujana wake wote na kuwajua kuliko alivyowajua wajukuu zake.

Siku za kawaida lango la kituo halikufungwa tangu asubuhi hadi jioni. Jumamosi Bwana Mifugo alikuja kuchanja mbwa wasipate kichaa. Watu walileta punda wenye vidonda vya mgongo, na mwenye panya wengi ghalani aliondoka na paka. Ugonjwa ulipoingia, alikuja Telesphor, Bwana Afya wa wilaya, kijana wa Kifipa ambaye suruali yake ilikuwa imepigwa pasi hata katikati ya balaa.

"Mama Leodgar, lango lifungwe," alisema akiwa amesimama mbali. "Watu wasikusanyike hapa. Samadi isishuke bondeni kwenye maji. Na mbwa wafungwe. Kuna mabalozi wa nyumba kumi wanasema mbwa ndio wanaoeneza, wanataka kuwapiga marungu wote."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ugonjwa unapita kwenye maji na mikono. Lakini mbwa akionekana anazurura, sitaweza kumtetea."

Kwa hiyo walijipanga upya. Walichimba shimo la samadi upande wa juu, mbali na bonde. Melkiadi alisokota kamba za katani akazipeleka mtaani, akizitundika kwenye miti ya nyua, na kupaza sauti kwamba kila mwenye mbwa amfunge. Mwenye punda wa kidonda alisimama kwenye kisiki nje ya ua, akaeleza kidonda kilivyo, na Getrude akamwekea dawa juu ya kisiki mwenye punda akisharudi nyuma. Machinjio nayo yalifungwa, kwa hiyo mifupa na matumbo ya kulishia mbwa yakawa hayapatikani. Mbwa wanane kati ya kumi na wanne aliwagawa Magamba, kwa wakulima ambao mahindi yao yalikuwa yanaliwa na ngedere. "Ni wa kulea tu," aliwaambia. "Mlishe, akulindie shamba. Balaa likipita, ukitaka kumrudisha, rudisha."

Alidhani kwamba amemaliza mipango yote, mpaka asubuhi ile Gaju alipokuja peke yake.

Nyumba ya Vénérande ilikuwa ya udongo, ndogo, ua wake umefagiwa zamani kidogo, kwani majani ya mwembe yalikuwa yameanza kutanda. Mlango ulikuwa umeegeshwa kwa gogo kutoka ndani. Getrude alipiga hodi mara tatu. Kabla ya kujibiwa alisikia harufu, akajua.

"Usiingie," ilisema sauti kutoka ndani. Ilikuwa sauti kavu, kama ya mtu anayezungumza na mchanga mdomoni.

"Ni mimi, Mama Leodgar wa kituo. Umeanza lini, dada?"

"Jana. Au juzi. Sijui."

"Na kaka yako?"

"Cyriaque yuko Katumba. Njia imefungwa, hawezi kurudi."

"Kwa nini hukupiga kelele? Watu wa kambi wangekuja."

Getrude aliweka mkono kwenye mlango.

"Wakija watanibeba," Vénérande alisema. "Wakinibeba, Gaju namwacha na nani? Majirani wanaogopa hata kukanyaga kivuli cha nyumba hii. Watamfungua, ataingia kwenye mpunga wa watu, watamla. Kule kwetu tulikimbia na nguo za mwilini tu, mama. Ng'ombe kumi na wawili tuliwaacha zizini. Tuliwasikia wakilia mpaka tulipovuka kilima. Siachi ng'ombe tena."

Getrude alitaka kumwambia kwamba ng'ombe ni ng'ombe na roho ni roho. Maneno yalifika mdomoni, akayameza. Alikumbuka jinsi alivyomwona huyu mwanamke miaka mitano nyuma akimnunua ndama mwekundu, akitembea naye njia nzima mkono begani mwake kana kwamba anamsindikiza mgonjwa.

"Sikuambii umwache," alisema. "Nakuambia unipe mimi. Tayari yuko kwangu, anakunywa maji."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uje mwenyewe umchukue. Na nitamsugua kila asubuhi. Nakuahidi."

Gogo lilisikika likiburutwa polepole. Lilichukua muda. Mlango ulipofunguka, Vénérande alikuwa ameketi chini nyuma yake, macho yameingia ndani, ngozi ya mikono imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima.

Getrude alimwita Melkiadi aje na mkokoteni wa punda, wakamlaza humo, juu ya majani ya migomba, Melkiadi akiongoza na Getrude akimshika kichwa. Langoni pa kambi Telesphor aliwaona akaja mbio.

"Mama Leodgar! Umeingia ndani?"

"Nimeingia."

"Umemgusa?"

"Ningembebaje bila kumgusa?"

Telesphor alifoka, na Getrude hakuwahi kumwona akifoka. Alisema watu wenye mioyo mizuri ndio wanaouzungusha ugonjwa, na kwamba gari la afya lipo kwa kazi hiyo. Getrude alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikimwagiwa maji ya dawa. Kisha yeye na Melkiadi waliamriwa wakae kituoni siku tano bila kutoka, mkokoteni ukapakwa chokaa mpaka ukawa mweupe, na majani ya migomba yakachomwa.

Siku hizo tano Getrude alizitumia kumsugua Gaju. Alichuma majani makavu, akayakunja kama alivyokuwa akimwona Vénérande akifanya, akasugua kutoka shingoni kurudi nyuma. Mikono ikiwa kazini, kichwa kilipata nafasi ya kufikiri. Siku ya tatu Telesphor alipokuja uani kuuliza kama kuna aliyeharisha, Getrude naye alikuwa na swali lake.

"Hao waliofia majumbani, ambao hamkuitwa mpaka wakawa maiti. Walikuwa na mifugo?"

Telesphor alivua kofia.

"Makoye, yule Msukuma wa karibu na reli," alisema taratibu. "Tulimkuta ndani na mbuzi sita. Alikuwa amewafungia mle mle chumbani, amewawekea majani na ndoo ya maji. Mimi niliona ni ujinga."

"Na wengine?"

"Bibi mmoja tuliyemkuta amekufa alikuwa na bata." Aliigeuza kofia mikononi. "Wote, mama. Nikikumbuka vizuri, karibu wote walikuwa na kitu."

"Basi si ujinga. Hawakuwa na wa kumwachia."

Hapo ndipo kazi mpya ya kituo ilipoanza. Gari la afya lilipokwenda kumchukua mgonjwa, Melkiadi alifuata nyuma na mkokoteni wake mweupe, kamba begani na matenga ya kuku yamepangwa. Hakuingia ndani ya nyumba. Alisimama uani, akapaza sauti: "Mama, mimi ni wa kituo. Nawachukua mbuzi wanne, kuku kumi na mmoja na jogoo. Ni sawa?" Mgonjwa, hata akiwa hana nguvu ya kusema, aliitikia kwa kichwa, na alibebwa bila kushindana. Kituoni kwato zilioshwa kwa maji ya chokaa, na kila mnyama alifungwa kipande cha kitambaa kilichochemshwa, rangi moja kwa nyumba moja. Habari ilienea mtaani haraka kuliko tangazo la serikali. Wiki ya pili watu walianza kutuma ujumbe wenyewe, siku ile ile tumbo lilipoanza kuwasumbua. "Njooni mnichukue. Na mje na yule mzee wa mkokoteni."

Kituo kilifurika. Mbuzi walilala walipolala mbwa, bata waliteka hori la punda, na tumbili mmoja wa fundi cherehani alimvua Melkiadi kofia kila asubuhi.

Kisha akaja Romana, muuguzi wa kambi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Alisimama kwenye kisiki, mikono kiunoni.

"Mama Leodgar, wagonjwa wako wananitesa. Nawapa maji ya chumvi na sukari hawanywi mpaka niwajibu. Hawaulizii watoto wao, wanaulizia kuku! Mimi kuku wa watu nitawajulia wapi?"

"Unataka nifanye nini?"

"Njoo uwaambie mwenyewe."

Telesphor alikubali kwa masharti. Hakuna kuingia, hakuna kukaribia, hatua thelathini kutoka madarasani. Basi kila siku saa kumi jioni Getrude alivaa kanga safi, akaenda shuleni, akapanda juu ya dawati moja kati ya yale yaliyorundikwa nje, na akasoma habari kutoka kichwani. Walioweza kukaa waliketi mlangoni. Wasioweza, walisikia dirishani.

"Esteria wa njia ya Magamba! Mbuzi wako mweusi ameacha kukohoa. Yule mwenye madoa amemfukuza mbwa wa Mzee Ponsian, sasa mbwa analala kwa punda!"

Kicheko hafifu kilitoka madarasani, pamoja na sauti ya Esteria, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi hata akiwa mgonjwa: "Huyo ni mwanangu huyo! Msimguse!"

"Fundi! Tumbili wako ameiba sabuni, ameila, anatoa mapovu. Ni mzima."

"Mzee Ponsian! Mbwa wako Askari anakula. Alikataa siku mbili, leo amekula."

"Mwambie namsalimu," Ponsian aliitikia kutoka ndani. Alikuwa seremala mzee asiye na mke wala mtoto.

"Vénérande! Gaju amesuguliwa. Kiwele kimeanza kujaa. Nadhani ni wiki hii au ijayo."

Vénérande hakuwa na sauti ya kujibu siku za mwanzo. Alikaukiwa mno kabla ya kufika, na figo zake, Romana alisema, zilikuwa zikifanya kazi kwa kusuasua. Wengine waliingia wakatoka kwa siku sita au saba, yeye akabaki. Lakini aliinua mkono mmoja dirishani, na Getrude aliutazamia mkono huo kila siku.

Alhamisi moja aliita, "Mzee Ponsian! Askari leo amefukuza kenge," na hakuna aliyeitikia. Aliita tena. Romana alitoka mlangoni akatikisa kichwa. Getrude alishika mikono yake miwili asijue aiweke wapi. Watu wote walikuwa wakimtazama. Hatimaye alisema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida, "Askari atabaki na sisi," kisha akaendelea na kuku wa mtu mwingine, maana mwenye kuku alikuwa akisubiri.

Gaju alishikwa na uchungu Jumapili asubuhi. Getrude alijua mapema kwamba mambo si mazuri, kwa sababu ilitangulia kwato moja tu, na baada yake hakikuja kitu. Bwana Mifugo alikuwa amekwama kijiji cha mbali ambako barabara ilizuiwa. Melkiadi alipaka mkono mafuta ya mawese, akaingiza, akatafuta mguu wa pili huku amefumba macho na kuzungumza na ng'ombe kwa Kikonongo. Aliupata. Walivuta wote wawili, wakapumzika, wakavuta. Ndama alitoka kabla ya saa nne, jike, mwekundu kama mama yake ila na nyota ndogo kwenye paji. Alipiga chafya. Getrude alicheka kwa sauti.

Gaju aliinua kichwa akamlamba ndama mara mbili, tatu. Kisha damu ikaanza, nayo haikuwa ya kawaida. Walisukuma vitambaa, walimwaga maji ya baridi mgongoni, Melkiadi alifanya kila alichowahi kukiona kikifanywa kwa punda. Walipoona hakuna njia, Melkiadi alisema, "Mkamue. Mkamue sasa, angali na joto, ndama apate maziwa ya kwanza." Getrude alikamua akilia, maziwa mazito ya njano yakiingia kwenye bakuli. Saa sita Gaju alikuwa amekufa.

Majirani wawili walikuja uani kuulizia nyama. Miezi hiyo nyama ilikuwa ndoto, na ng'ombe hakufa kwa ugonjwa. Getrude aliwaambia hapana. Melkiadi alichimba mpaka alasiri, na Gaju akazikwa kama alivyo, na ngozi yake.

"Hukumuua wewe," Melkiadi alisema, akiegemea sepetu.

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi kumsugua. Umemsugua."

Saa tisa na nusu Telesphor alipita, akasikia yaliyotokea. Alimwangalia Getrude akifunga kanga yake safi.

"Usimwambie," alisema. "Figo zake ndiyo kwanza zimeanza kuamka. Habari mbaya humwangusha mgonjwa. Nakuomba kama Bwana Afya, na nakuomba kama mwanao."

Getrude alipanda dawati. Alianza na kuku, akaja kwa mbuzi, akazungukazunguka kwa tumbili.

"Vénérande! Ndama amezaliwa. Jike. Mwekundu, ana nyota."

Kambi nzima ilishangilia. Mikono miwili iliinuka dirishani badala ya mmoja. Getrude aliteremka haraka, akaenda nyumbani bila kuaga.

Jumatatu alifanya vivyo hivyo. Ndama anasimama, alisema, ndama anakimbia. Jumanne walikuwa wamemtoa Vénérande nje, ameketi kwenye mkeka juani, mgongo ukutani. Kwa mara ya kwanza Getrude aliuona uso wake wote, umekonda, macho yakiwa makubwa.

"Vénérande! Ndama wako leo amempiga bata teke."

"Anasimama vizuri?" Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

"Anasimama vizuri."

"Gaju anamlamba?"

"Ndama ni safi kabisa, dada."

Vénérande aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Mama Leodgar. Sikukuuliza kama ni safi."

Esteria, ambaye siku hiyo ndiyo alikuwa ameruhusiwa na alikuwa amesimama langoni na kifurushi chake akisubiri kumsikiliza Getrude kwa mara ya mwisho, alikiweka chini. Getrude alimwona Telesphor pembeni ya darasa, akimtazama kwa kumsihi. Alivuta pumzi.

"Gaju amekufa, dada. Jumapili, saa sita mchana. Ndama alikuja na mguu mmoja, tukavuta, akatoka mzima. Mama yake akamwaga damu, hatukuweza kuizuia. Alimlamba kwanza. Nilikuwa nimemshika kichwa." Alimtazama Vénérande usoni. "Nilikuficha siku mbili. Nisamehe."

Vénérande alifunika uso kwa kanga. Mabega yake hayakutikisika. Alikaa hivyo muda ambao kwa Getrude, juu ya dawati lile, ulikuwa mrefu kama misa mbili. Romana alimpelekea kikombe cha maji, akakisukuma pembeni. Kisha, bado akiwa amejifunika, aliuliza, "Ndama anakunywa nini?"

"Maziwa ya mbuzi. Kuna mbuzi watano wananyonyesha pale kituoni. Mweusi wa Esteria ndiye anayetoa mengi."

"Wangu?" Esteria aliruka. "Mbona hukuniambia?"

"Sikukuambia, mama. Ningekuambia ningelazimika kueleza kwa nini."

Esteria alimtazama yule mwanamke aliyejifunika pale mkekani, hawajuani, mmoja wa Magamba na mwingine wa Burundi.

"Basi aendelee kunywa," alisema. "Nitamwacha mbuzi kwa sasa."

Vénérande alijifunua. Macho yalikuwa makavu na mekundu.

"Mnampa kwa bakuli?"

"Kwa bakuli."

"Hapana. Atapaliwa. Chovya vidole viwili kwenye maziwa, mtie mdomoni, halafu uvishushe taratibu mpaka kwenye bakuli. Kichwa kiwe chini. Na maziwa yawe ya joto kama yanavyotoka kwa mbuzi. Yakipoa, usimpe." Alikichukua kile kikombe cha maji, akanywa chote. "Kesho uniambie mavi yake yana rangi gani."

Telesphor alimfuata Getrude njiani.

"Nilikukataza, mama."

"Ulinikataza, nami nilikutii siku mbili. Lakini siku nyingine ningesema kuku wa fulani ni mzima, na asingeamini mtu."

Telesphor alitembea naye hadi kituoni, akaomba kumwona ndama, na suruali yake iliyopigwa pasi ikalambwa yote.

Kuanzia hapo saa kumi ya Vénérande ilikuwa ya kupokea maagizo. Getrude alieleza rangi ya mavi, hali ya masikio, unyevu wa pua. Vénérande alijibu kutoka mkekani afanye nini. Siku moja alimpa ndama jina, Bihogo. Siku nyingine alisimama mwenyewe, akaegemea ukuta, na kugomba kwa sababu ndama alikuwa ameachwa kwenye umande.

Mwezi wa sita ugonjwa ulilegea. Waliingia watatu kwa wiki, kisha mmoja, kisha hakuna. Wenye mifugo walikuja kuitafuta kwa rangi za vitambaa. Kwa waliokufa, walikuja watoto wao au dada zao, na Getrude aliwapa kila kitu pamoja na yale aliyoyajua: huyu hapendi kushikwa pembe, huyu hutaga chini ya mkokoteni. Wanawake wawili waligombania kuku mwekundu mpaka kitambaa kikadondoka na hakuna aliyejua tena ni wa nani. Mbwa wa Ponsian alibaki akimfuata Melkiadi kila hatua, naye Melkiadi akawa anajifanya hamwoni.

Vénérande alikuja siku ya mwisho, akitembea kwa fimbo, amevaa gauni aliloazimwa na Romana. Hakusalimia kwanza.

"Mlimla?"

"Hatukumla. Yuko pale, karibu na minyaa."

Alikwenda akasimama pale. Getrude hakumfuata. Aliporudi, alimpa Getrude mkono, akaushikilia, akasema, "Urakoze," kisha kwa Kiswahili, "Ahsante, mama."

Ndama alikuwa nyuma ya kibanda. Alikuwa amepiga magoti ya mbele, kichwa chini ya mbuzi mweusi wa Esteria, akinyonya kwa kishindo, na mbuzi ametulia akicheua. Ilikuwa wiki mbili tangu ndama ajifunze kujihudumia mwenyewe. Vénérande alimfunga kamba, akamvuta kwa upole, akamwita kwa jina. Bihogo alipiga hatua nne, akalia, akarudi mbio kwa mbuzi. Akavutwa tena, akarudi tena. Esteria, aliyekuwa amekuja kumchukua huyo huyo mbuzi, alisimama na kamba yake mkononi akitazama.

"Sasa hii ndiyo nini?" aliuliza.

"Bado ni mdogo," Vénérande alisema. "Nahitaji mwezi mmoja."

"Mwezi! Na mimi nitakunywa nini?"

"Njoo kwangu asubuhi. Mkamue wewe chuchu moja, moja umwachie mwanangu."

"Kutoka Magamba mpaka bondeni kwako, kila siku, na miguu hii iliyotoka kambini?"

"Basi hamia," Vénérande alisema bila kucheka. "Cyriaque bado hajarudi. Kitanda chake kipo."

Esteria aliangua kicheko, kisha akaona kwamba mwenzake hatanii, akakuna shingo. Alikuwa mjane, na nyumbani kwake kulikuwa hakuna anayemsubiri zaidi ya yule mbuzi mwenye madoa. Alifunga kamba ya mbuzi mweusi, akaivuta kuelekea njia ya bondeni. Ndama alifuata mbuzi, na Vénérande akafuata ndama kwa fimbo yake.

"Yule wa madoa nitamfuata kesho," Esteria alisikika akisema. "Lakini mbuzi wangu halali nje, nakuambia mapema."

"Kwangu hakuna mnyama anayelala nje."

"Na hapigwi."

"Nani amesema anapigwa?"

Waliendelea hivyo wakibishana mpaka mpunga ukawafunika hadi mabegani, na Getrude akawa anasikia sauti tu.